Mjadala: Mgeni wa Serengeti alale hifadhini au vijijini?

Mleta mada: Wapo wanaotaka hoteli mpya zisijengwe tena ndani ya Serengeti, wageni walale nje ili vijiji navyo vipate. Naunga mkono. Nje ya lango la Ikoma kuna vijiji vitano vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, yaani vijiji vilivyotenga ardhi yao kwa wanyama na utalii, Robanda kikiwemo, na tozo ya kila mgeni anayelala kwenye eneo lao ina mgao wa kijiji. Huko pia unatembea kwa miguu ukiwa na askari.

Dereva mwongoza watalii: Mkuu, piga hesabu ya mwanga. Lango linafunguliwa saa 12 asubuhi. Kaguliwa vibali, kisha kamata kama kilomita 40 hadi Seronera, katikati ya hifadhi, kwa mwendo usiozidi 50 kwa saa, na barabara ikiwa na mawimbi hata huo huupati. Unafika saa moja na nusu, simba waliowinda usiku wanatafuta kivuli. Jioni lango linafungwa saa 12, kwa hiyo saa 11 umeshageuza gari, wakati aliyelala ndani anazunguka hadi karibu saa moja. Mgeni wako kapoteza zaidi ya saa tatu kwa siku, na ndizo zenye wanyama.

Halafu "nje" ni wapi? Ukilala Karatu, lazima ukatize Ngorongoro, nako kuna malipo yake. Ndutu ni pazuri sana Januari na Februari nyumbu wakizaa, lakini iko Ngorongoro. Kila ukivuka kuingia Serengeti ni kibali kingine. Lamadi ina gesti za bei nafuu, ila kutoka Ndabaka, lango la magharibi lililo karibu nayo, hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 130, na masika udongo mweusi wa ukanda wa magharibi unameza gari hadi ekseli. Anayetoka Mwanza kwa siku moja aishie mto Grumeti, ageuze mapema.

Mpishi wa kambi: Mnajadili hoteli tu, mmesahau mahema! Kambi za umma za Seronera ndizo zinazomwezesha Mtanzania wa kawaida kulala ndani. Jiko ni la pamoja, limezungushiwa nondo. Chakula chote kibaki humo, hata tunda moja lisiingie hemani. Hakuna uzio, kwa hiyo viatu viingizwe ndani, fisi hubeba. Lipia kwa namba ya malipo kabla ya kufika getini, maana taslimu haipokelewi, na usitoke kununua mkate: kibali ni cha kuingia mara moja.

Mleta mada: Hoja ya mahema naikubali, yabaki. Ninachopinga ni majengo ya kudumu: yanavuta maji kwenye eneo lenye maji haba, yanaleta magari ya mizigo na nyumba za wafanyakazi. Lakini na huko vijijini kuwe na masharti. Hoteli zikipangana mpakani kila moja na uzio wake, nyumbu watapita wapi? Kabla ya kijiji kugawa kiwanja, mapito ya wanyama yapimwe na kuwekewa alama.