Naomba ushauri: mkono wa mama umevimba baada ya kutolewa tezi za kwapani

Habari wakuu. Mama alifanyiwa upasuaji wa titi, tezi za limfu (vinundu vinavyochuja limfu, yaani maji yanayotoka kwenye tishu) za kwapani zikatolewa. Sasa mkono wa upande ule umevimba, pete haipiti kidoleni. Daktari anasema damu inazunguka vizuri, tatizo ni limfu.

Ninavyoelewa, damu husukumwa na moyo na kurudi ilikotoka. Mishipa ya limfu huanzia kwenye tishu, ncha imezibwa, kuta nyembamba, ina vali (vilango vinavyozuia maji kurudi nyuma); maji husogea mishipa ikijibana na misuli ikikaza, upande mmoja tu, hadi kwenye vena chini ya shingo.

Mazoezi gani yanafaa? Mkono wa nguo wa kubana (compression sleeve) avae hata usiku? Yeye anataka kukandwa kwa nguvu, mimi naogopa.