Mkanda wa jeshi uliokuja kwa sura nyengine: tupeane uzoefu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Bi mkubwa wangu hapa Ng'ambo aliumwa na ubavu siku kadhaa bila ya kipele hata kimoja. Wengine wakasema vichomi, wengine figo. Malengelenge yalipotoka yalijipanga kutoka mgongoni hadi chini ya ziwa, upande mmoja tu, na daktari akaujua mkanda kwa kutazama. Virusi ni vile vile vya tetekuwanga ya utotoni. Havitoki mwilini, hulala kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, na kinga ikishuka huamka. Waliopata kwa sura isiyo ya kawaida, tuelezeni mlijuaje.

Mtu wa Wete: Mimi ulinitoka kwenye paji la uso na kope. Majirani wakasema nimepitiwa na buibui. Kilichomshtua daktari ni kipele kwenye ncha ya pua: mshipa unaofika pale una uhusiano na jicho. Nilipelekwa kwa daktari wa macho siku ile ile, na naona, alhamdulillahi. Jamani, ukitoka usoni msikae nyumbani kupaka dawa.

Mama Mkoani: Wangu ulikuwa ndani ya sikio. Sikio likauma, kisha mdomo ukaenda upande, watu wakalia kiharusi. Daktari alimulika tundu la sikio akayaona malengelenge. Uso umerudi, ila si wote.

Kijana wa Jang'ombe: Mimi vilianza kifuani vikatapakaa mwili mzima, ikadhaniwa tetekuwanga. Wakachukua majimaji ya lengelenge kupima virusi, na kwa ridhaa yangu wakapima VVU. Nilikutwa navyo. Natumia dawa na nafanya kazi zangu. Si kila mwenye mkanda ana VVU, lakini ukikutoka ukiwa kijana, kubali kipimo.

Mwenye uzi: Ahsanteni sana, hasa wewe mdogo wangu. Bi mkubwa aliandikiwa asikloviri, mg 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7. Inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele kutoka, ndiyo maana nasisitiza kuwahi.

Bibi wa Chake: Mwanangu, nami mkanda umenitoka, na nina mjukuu mchanga, nimbebe?

Mwenye uzi: Bibi, subiri vipele vikauke vifanye magaga. Majimaji yake humpa tetekuwanga asiyewahi kuugua. Mkwe wako kama ni mjamzito na hajawahi kuugua, naye akae mbali, na kama ameshayagusa aende kliniki leo.