Suruali ya ndani ya mwanasesere wa kale: bluma au pantaleti?

Fundi_wa_Lesi: Wadau, ninyi mnaoshonea wanasesere nguo za mtindo wa 1860 na kuwauzia wakusanyaji wa nje, mbona kila suruali ya ndani yenye lesi mnaiita "bluma"? Jina hilo limetokana na Amelia Bloomer wa Marekani, 1851, nalo lilikuwa vazi la nje: suruali pana chini ya sketi fupi. Ile inayochungulia chini ya gauni la mtoto ni pantaleti. Tusidanganye watu kwa lesi ya buku.

MamaShimizi: Lesi ya buku imekukosea nini? Hiyo hiyo imenisomeshea watoto.

Fundi_wa_Lesi: Sijaitukana, dada. Lesi pana ya gauni la mtu mzima ukiibandika kwenye mguu wa mdoli wa sentimita 40, inageuka pazia. Tafuta nyembamba.

MamaShimizi: Ahaa, sasa tumehamia upana! Wateja wanatafuta bluma, naandika bluma.

Wanjiku_wa_Pamba: Huku Kenya bluma ni ile ya michezo shuleni. Mimi nilidhani mnashonea timu.

Kamusi_Hai: Bloomer mwenyewe hakulibuni, alilipigia debe tu kwenye gazeti lake. Aliyetangulia kulivaa ni Elizabeth Smith Miller. Na kama mnataka ukweli, suruali za ndani za kina mama enzi hizo zilikuwa miguu miwili iliyoshikana kiunoni, katikati wazi. Mbona hamshoni hivyo?

Kijana_wa_Bara: Katikati wazi?? Uzi ufungwe.

BiMkubwa_Unguja: Mnahangaika na pantaleti na sisi tuna marinda. Suruali ndefu, mikunjo tele kwenye vifundo vya miguu, bibi zetu wakivalia kanzu juu.

Kijana_wa_Bara: Bibi umesema MARINDA? Kwikwikwi!

BiMkubwa_Unguja: Cheka. Ninyi ndio mmelitia uchafu neno la watu. Katazame picha ya Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, yule aliyependana na Mwingereza akatoroka, mikunjo inaonekana wazi.

Kamusi_Hai: Mjerumani, Bi Mkubwa. Ruete, wa Hamburg. Salme aliondoka 1866.

BiMkubwa_Unguja: Manuwari iliyomtorosha si ilikuwa ya Waingereza? Basi.

Mpemba_Halisi: "Bibi zetu" wa wapi? Hayo yalikuwa ya jumba la Sultani na wenye nacho. Bibi yangu alijifunga kaniki.

BiMkubwa_Unguja: Bibi yako na wangu hawakukaa mtaa mmoja, mwanangu.

Kijana_wa_Bara: Hapo sasa! Naleta kiti.

Fundi_wa_Lesi: Jamani, tulikuwa kwenye wanasesere. Nimeuliza tuandike jina gani.

MamaShimizi: Nani ana hiyo picha ya Salme inayoonyesha miguu vizuri? Nataka kuhesabu mikunjo. Mdoli wa Kizanzibari sijamwona sokoni.

Mpemba_Halisi: Mwanangu? Mimi nina wajukuu, bibi. Rudisha kauli yako.