Choo cha mashua kinanuka na maji machafu yanarudi, nifanyeje?

NahodhaMdogo, Shela
Asalaam aleikum jamani. Nina mashua ya futi 38 ya kutembeza wageni. Safari nyingi ni za kutwa, Manda Toto na kurudi, mara moja moja tunalala Kiwayu. Mwaka jana nilitia choo cha pampu ya mkono maana wageni wa kulala wamechoka na ndoo. Kinavuta maji ya bahari, kinasukuma uchafu mpaka kwenye tangi la lita 60 chini ya kitanda cha omo.

Miezi minane ya mwanzo raha mustarehe. Sasa hivi nikipiga pampu ya kwanza asubuhi natokwa na machozi, harufu ya mayai viza. Usiku bakuli linajaa polepole maji ya kahawia na hakuna mtu aliyekwenda. Juu ya hayo mkono wa pampu umekuwa mzito, juzi mama mmoja wa makamo ulimshinda akaniita nimsaidie. Nilitamani kujitosa.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia nimwage Jik galoni nzima. Mwingine anasema pampu imekufa, ninunue mpya. Ijumaa nina familia ya watu watano, siku tatu. Nianzie wapi?

Foromali
Jik iache kwa mashuka. Klorini inaharibu raba za ndani ya pampu. Na ole wako umwage Jik halafu mwingine akushauri utie asidi juu yake: gesi itakayotoka kwenye kachumba kale hutapata nafasi ya kusimulia.

Swali. Yale maji ya usiku ni ya kahawia kweli, au masafi? Kama ni masafi yanatoka baharini, na leo usilale kabla hujafunga koki ya kuingiza maji. Bakuli likiwa chini ya usawa wa bahari, choo peke yake kinaweza kuzamisha mashua.

NahodhaMdogo
Kahawia. Wallahi ni kahawia.

FundiPampu_Langoni
Basi si bahari, ni uchafu wako mwenyewe unarudi. Nyuma ya pampu, pale mpira wa kutoa unapoanzia, kuna kivalvu cha raba chenye mdomo kama wa bata. Uchafu ukipita kinafunguka, ukitaka kurudi kinajibana. Kikichoka au kikishika chokaa hakijibani tena, na kila kilichobaki kwenye mpira kinateremka bakulini. Kibadilishe, ndicho kitu rahisi kuliko vyote kwenye choo. Ukikirudisha, mdomo uelekee tangini. Nimeshaona watu wamekitia kinyume kisha wakailaumu pampu.

Uzito wa mkono ni chokaa pia. Mkojo ukikutana na maji ya bahari unaacha gamba jeupe ndani ya pampu na mpira, gumu kama jiwe la matumbawe. Mpira wa inchi moja na nusu unaweza kubaki na tundu la kidole. Tia siki usiku, piga pampu kidogo ifike kwenye mpira, iache hadi asubuhi. Ikishindikana vua mpira wote, ukaupige kwenye zege. Gamba litapasuka na kumwagika. Fanya upepo ukiwa nyuma yako.

Kulainisha pistoni tumia grisi ya silikoni. Grisi ya gari hapana, raba nyingi huvimba.

Na hayo mayai viza ya asubuhi si kinyesi. Ni maji ya bahari yaliyolala kwenye mpira wa kuingiza, vijidudu vyake vimekufa na kuoza. Kabla hujaiacha mashua, mwaga lita mbili za maji ya kisima bakulini. Kwa upande wa kuingiza itabidi uvue ule mpira, uchovye mwisho wake kwenye ndoo ya maji matamu, upige pampu.

BintiWaPate
Mna uhakika harufu yote ni hiyo? Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kikamue, kizungushie mpira wa kutoa, kipoe, kisha unuse. Kikinuka, mpira wenyewe umeshapenywa na hakuna siki itakayouponya. Kaka yangu alisugua chumba kizima wiki mbili kumbe ni mpira. Angalia na kibomba cha hewa cha tangi. Kikiziba, uchafu unaoza bila hewa.

AmiHamisi, Matondoni
Nyinyi watoto mnajitaabisha. Sisi majahazini tulikuwa na kisanduku cha mbao kinaning'inia tezi, unakaa, bahari iko chini yako, habari imekwisha. Hakuna pampu, hakuna raba. Sasa mnabeba mavi ndani ya chombo kisha mnauliza mbona kinanuka. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

NahodhaMdogo
Shikamoo ami. Kisanduku cha tezi nakikumbuka, lakini mgeni akipiga picha pale tutaonekana dunia nzima. Lingine: FundiPampu, nipige mara ngapi kila mtu anapotoka?

FundiPampu_Langoni
Mpaka uchafu ufike tangini, usibaki njiani. Mpira huo unashika zaidi kidogo ya lita moja kwa kila mita. Wako una mita ngapi?

NahodhaMdogo
Mbili na nusu. Alinizungushia nyuma ya kitanda chote.

Foromali
Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Karibu lita tatu kila choo, tangi la 60: mara ishirini limejaa. Watu watano na mabaharia wako wawili, hiyo ni siku moja. Kwa hiyo watu wanapiga mara mbili tatu kuokoa nafasi, mkojo unalala kwenye mpira, chokaa inajengeka. Fupisha mpira kabla hujanunua chochote.

Na unamwaga wapi?

NahodhaMdogo
Mkondoni, maji yakitoka. Wote tunafanya hivyo.

BintiWaPate
Maji yakitoka leo yanajaa jioni, na watoto wa Shela wanaogelea hapo hapo. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, unataka meli zimwage uchafu ambao haujasafishwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu. Najua umeandikiwa meli za tani 400 na zaidi, au zinazoruhusiwa kubeba zaidi ya watu 15, na za safari za nje. Wewe humo. Lakini bahari haisomi tani.

AmiHamisi, Matondoni
Kwa hili binti ana haki. Sisi tulikuwa tumeshatoka nje ya miamba.

NahodhaMdogo
Mrejesho, Jumatano. Maji yalipokupwa nimeiweka kavu nikafungua kila kitu. Kibomba cha hewa kilikuwa na nyumba ya nyigu, tope tupu. Mpira wa kutoa kidole changu cha shahada kiliingia kwa taabu. Kitambaa cha moto kilinuka vilevile, nimeutupa. Mpya ni mita moja tu, nimepenya ukuta wa chumba moja kwa moja hadi tangini. Kivalvu kipya, oringi (pete za raba za pampu) mpya, pampu ni ile ile ya zamani na sasa mtoto anaweza kuisukuma.

Kuhusu kumwaga, nimenunua mitungi mitatu ya lita 20 yenye vifuniko vya kukaza. Nitanyonya tangini kwa pampu ya mkono, halafu ni punda mpaka shimo la choo cha nyumbani. Mwenye punda ameuliza ni mafuta ya aina gani. Bado natafuta la kumjibu.