Naomba ushauri: leza na hadubini hazikubaliani kwenye chembe ndefu

Habari zenu wakuu. Nina unga wa dawa ambao fuwele zake ni nyembamba kama sindano. Mashine ya kupima ukubwa wa chembe kwa leza inanipa D50 (ukubwa ambao nusu ya ujazo wa unga uko chini yake) ya mikromita 38 na D90 (asilimia 90 iko chini yake) ya 95, lakini kwenye hadubini naona nyingi zinapita 150 kwa urefu. Najua leza huhesabu kila chembe kana kwamba ni tufe, kwa hiyo tofauti naitarajia. Kinachonisumbua ni kwamba nikipima unga mkavu, kila nikipandisha presha ya hewa inayotawanya unga kutoka baa 1 kwenda 3, D90 inashuka tu, haitulii. Sampuli iliyopita presha kubwa ina vipande vifupi vyenye ncha zilizokatika, nashuku tunavunja fuwele badala ya kutenganisha mabonge. Chekeche sikuhangaika nalo, sindano hupenya zikisimama wima.

Nimejaribu kupima ndani ya maji yenye kisabuni kidogo. Majibu yametulia, ila unga unayeyuka kiasi.

Je, nikitumia maji yaliyokwisha kushibishwa dawa hiyohiyo, vipimo vitaaminika? Na kwenye ripoti, niweke namba za leza peke yake au niambatanishe uwiano wa urefu kwa upana kutoka kwenye picha?