Mjadala: Mtoto aliyepotezana na wazazi vitani aasiliwe (awe mtoto wa familia nyingine kisheria) mara moja?

Mleta hoja, Kirumba: Vita vya mashariki mwa Kongo vinaleta watoto Kigoma bila wazazi. Hapa Mwanza wapo wanandoa ambao wangewachukua hata kesho. Mtoto wa miaka 3 akisubiri mpaka afike 7, utoto wake umekwisha. Kwa nini tuwacheleweshe?

Afisa ustawi, Nyamagana: Ndugu yangu, kupotezana na mama si uyatima. Aprili 1994 Wanyarwanda kama robo milioni walivuka mpaka pale Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Kwenye msongamano ule mkono unaponyoka tu, na mama yuko hai mahema kadhaa mbele. Kuasili kunafuta haki za mama huyo. Amri ya Mahakama Kuu ikishatoka, akijitokeza utamwambia nini? Miongozo ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inataka, kwa kawaida, angalau miaka 2 ya kutafuta familia kwanza.

Mtafuta familia, Kigoma: Mambo huharibika siku ya kwanza. Mtoto mdogo hajui wilaya yake. Muulize nani alikuwa anampikia, majirani walimwitaje mama yake, adhana au kengele ilisikika wapi. Andika majina anavyoyatamka yeye, usiyanyooshe. Kitenge alichobebewa usikitupe. Kipige picha hata kabla ya kukifua, maana sura ya mtoto hubadilika, kitenge hakibadiliki. Andika aliokotwa wapi, lini, na nani. Ndugu wasitenganishwe. Na tafadhali, picha yake na maelezo yote msiyarushe WhatsApp: tapeli atayakariri aje kudai mtoto. Alama moja ya mtoto ibaki kwenye faili tu, ya kumpimia anayedai.

Mlezi wa kambo (anayelea kwa muda watoto wasio wake), Igoma: Sawa kaka, lakini asisubirie bwenini ambako walezi hupokezana zamu. Akae kwa familia, ikiwezekana ya lugha yake, hukohuko kambi ya wakimbizi. Wengi wanaokuja kuomba wanataka kichanga. Wa miaka 8 mwenye mdogo wake anabaki. Na mjue: atakayeficha ugali chini ya mto si mwizi. Mwachieni sahani iliyofunikwa mahali anapoiona, usiku kucha.

Wakili, Ilemela: Anayetaka kuasili aanzie kwa afisa ustawi wa halmashauri yake, asianzie kwenye makao ya watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka uwe na miaka 25 na umzidi mtoto kwa 21. Ndugu wa damu anaruhusiwa akiwa na 21. Mgeni awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo. Makao yakikukabidhi mtoto kwa “mchango”, hiyo ni biashara ya watoto. Kataa, katoe taarifa.

Mleta hoja, Kirumba: Miaka 2 naikubali. Ila faili likilala kabatini bila mtu kuuliza hata kijiji kimoja, huko ni kutafuta?

Afisa ustawi, Nyamagana: Hapana, na hapo mna haki ya kutubana. Ningetaka kila miezi 3 iandikwe nani ameulizwa, wapi, na amejibu nini. Ukurasa ukiwa mtupu, afisa aeleze.