Acheni kuuza kombe kama filta, mnawaua wao na samaki wa watu

Assalaam alaykum jamani. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Lipo duka la samaki wa mapambo hapa mjini Unguja, silitaji, wenyewe wanajijua. Kila anayekwenda kununua samaki anashikishwa na kombe wadogo wa maji baridi, wale viumbe wa magamba mawili wa mitoni, kwenye mfuko wa nailoni. "Hawa wanasafisha maji, ni filta ya bure, wala huna haja ya kuwalisha." Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, anaambiwa mtoto wa skuli aliyekuja na pesa zake za Idi.

Ni uongo! Kombe anasafisha maji kwa sababu anakula. Anavuta maji kwa mrija mmoja, anayachuja kwenye matamvua yake, anabakisha vijimea na chembechembe zisizoonekana kwa macho, kisha anayatoa kwa mrija wa pili. Sasa tangi la nyumbani lenye filta, maji yake yanang'aa mpaka unaona ukuta wa nyuma, atachuja nini humo? Anashinda na njaa. Na hafi siku hiyo wala kesho yake. Anajifukia mchangani, anakula akiba ya mwili wake mwenyewe, anakonda ndani ya gamba wiki baada ya wiki, na mwenye tangi anadhani kombe wake yu salama kwa sababu hamuoni.

Akishakufa ndipo balaa linapoanza. Anaoza kule kule chini ya mchanga, na amonia, sumu inayotokana na uozo, inapanda. Na maji yetu ya Unguja mnayajua, yanatoka kwenye mawe ya chokaa, angalia masufuria yako ya kuchemshia tu. Chokaa hiyo kombe anaihitaji kwa gamba lake, hapo sina neno. Lakini maji ya namna hii aghalabu si ya asidi, yameelemea upande wa pili, na amonia kwenye maji hayo, tena na joto letu hili, inakuwa kali zaidi kwa samaki. Umeme nao ukikatika usiku, pampu ya hewa ikasimama, ndiyo basi.

Ndivyo alivyoamkia mpwa wangu, samaki wote wako juu wanatweta, wengine wameshageuka matumbo. Tulipofukua mchanga tukakuta magamba yameachama na harufu ya kukimbiza watu chumbani. Akarudi dukani. Ajibiwa nini? Eti kazidisha chakula! Mtoto kaondoka analia, na pale pale mwengine akauziwa kombe.

Nafuga viumbe hawa kwa miaka na nawapenda, ndiyo maana nachukia. Kombe mdogo akitulia, akatoa mirija yake miwili juu ya mchanga, unaweza kukaa ukamtazama mpaka chai ikapoa. Lakini anataka mchanga laini wa kutosha kuzama mwili mzima, si kokoto za rangi za kukwaruza gamba. Anataka chakula chake mwenyewe: weka chupa ya maji ya tangi juani mpaka yageuke kijani, kisha umwagie kidogo kidogo kwa bomba la sindano karibu na mirija, filta ikiwa imezimwa kwa muda. Unga wa spirulina, vijimea vya majini vilivyokaushwa, pia unafaa, ukiukoroga vizuri. Na umkague: ukimgusa akafunga, mzima, akiwa ameachama na hafungi, mtoe saa hiyo hiyo. Haya ni maneno ya dakika mbili kumwambia mteja. Muuzaji hayasemi kwa sababu akiyasema hauzi.

Tena rafu hiyo hiyo wanauza dawa yenye shaba ya kutibu ugonjwa wa madoa meupe wa samaki. Shaba ni sumu kwa kombe na konokono. Mtu anauziwa vyote viwili kwa mkupuo mmoja!

Lililonitoa roho kabisa ni hili. Nilimuuliza muuzaji, mtu akiwachoka kombe awapeleke wapi? Akanambia, "Kamwage Mto Mwera, watajiishia." Hivi anajua anachokisema? Wapo kombe wa jamii ya Corbicula kutoka Asia ambao mmoja peke yake, bila ya mwenzake, anaweza kuzaa. Marekani walionekana Mto Columbia mwaka 1938, wakatapakaa nchi nzima, na mwaka 1980 waliziba mabomba ya maji ya kupoozea kwenye kituo cha umeme wa nyuklia huko Arkansas mpaka mtambo ukazimwa. Sisi na vijito vyetu hivi vichache tutawatoa vipi?

Na mifuko yao inakuja na majani ya mtoni yaliyogandwa na konokono. Kombe hana kichocho, msimsingizie. Lakini konokono wa kijitoni wa jamii ya Bulinus ndio wanaobeba kichocho hapa Unguja na Pemba, na mtoto anatia mkono humo humo.

Nyinyi wenye maduka najua mnasoma hapa. Jibuni hadharani: kombe hao mnawatoa wapi, ni wa jamii gani, na kwa nini mnawaambia watoto hawali? Na yeyote aliyeuziwa kwa maneno hayo aandike hapa chini aliambiwa nini, tuwapelekee dukani kwao yote kwa pamoja.